Pongezi kwa wanaokesha na wazee
Mwezi Julai baridi ya Mbeya hukaza usiku. Hata hivyo, katika nyumba za mtaa wa Soweto jijini humo wapo wanaoamka: mabinti, wakwe, wajukuu na wasaidizi wa kazi wanaouguza wazee. Pongezi ziwaendee.

Kazi yao inahitaji ujuzi. Mzee asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, asipate vidonda vya kulalia. Shuka lililolowa hubadilishwa papo hapo. Taa huachwa ikiwaka njia ya chooni, asije akaanguka. Jiko la mkaa halilazwi chumbani, maana gesi yake huua.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliitambua familia kuwa msingi wa matunzo ya wazee. Familia nayo inamtegemea huyu anayekesha. Ndugu wapeane zamu, naye apate usiku wa kulala.