Kasiksi, mvinyo wa milima isiyo na zabibu

Kutoka Sake, mashariki mwa Kongo, barabara inapanda kwenye malisho yanayoipa Masisi sifa ya jibini, inapita Kitchanga na Mweso, kisha inafika Kashuga, jirani na Walikale. Miteremko mikali, hewa ya ubaridi: mgeni aliyezoea Ulaya angeuliza mizabibu iko wapi. Haipo, na si kwa uvivu wa mtu.

Mzabibu unahitaji kulala. Ulaya hulazwa na majira ya baridi. Dodoma, ambako baridi hiyo haiko, hulazwa na kiangazi kirefu pamoja na makasi ya mkulima, na ndiyo maana huko wanaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Kashuga iko takriban digrii moja kusini mwa ikweta na kiangazi chake ni kifupi. Mzabibu ungebaki na majani mabichi mwaka mzima, ukungu ukayala kabla tunda halijaingia sukari. Mgomba haulali, na mvua hiyohiyo ndiyo unayoitaka. Basi mvinyo wa hapa ni kasiksi, ndugu wa urwagwa wa Rwanda na rubisi ya Kagera. (Watawa wa monasteri ya Mokoto, kwenye milima hiihii, waliofika mwaka 1954, walitumwa na abasia ya Scourmont huko Ubelgiji, ile ya bia ya Chimay. Hata wao walitoka kwenye nyumba ya pombe isiyo ya zabibu.)

Kasiksi huharibikia kwenye kuivishwa, si kwenye kuchachuka. Ndizi hukatwa zikiwa zimekomaa lakini bado za kijani, hufukiwa shimoni lililotandikwa majani ya mgomba, na kukaa humo siku chache. Ndizi inayoanza kuiva hutoa gesi ya ethilini. Ikifungiwa shimoni, gesi hiyo huziamsha na nyingine. Joto husaidia, kwa hiyo wengine huwasha moto kando. Wanga unageuka sukari. Ukifukua mapema, maji ni machache na hayana utamu. Ukichelewa, nyama ya ndizi imekuwa uji usiotaka kuachia kitu.

Halafu zinaingia nyasi, na kwangu hapa ndipo penye akili kuliko hatua zote. Ndizi mbivu haikamuliki kama zabibu, kwa maana pektini huishika kama gundi. Ikikandwa na nyasi ngumu, kwa mikono au kwa miguu, nyasi hubaki na nyama, maji yakatiririka safi. Kiwanda kingenunua vimeng'enya kwa kazi hiyo. Unga wa mtama uliokaangwa unaleta rangi na ladha. Hamira inatoka kwenye vyombo na masalio ya pombe iliyotangulia. Siku mbili tatu, watu wanakunywa. Kwa kuwa haikuchemshwa wala kuzibwa, bakteria wa siki wanangoja hewa tu. Kasiksi ya mwaka juzi hakuna.

Mwaka 2001 mnyauko wa migomba ulionekana Masisi, mara ya kwanza nchini Kongo. Bakteria wake, Xanthomonas, huingia kwenye makovu mabichi ya ua dume, lile la zambarau linaloning'inia mwisho wa mkungu. Wadudu humleta, na panga humsambaza shamba zima. Ndizi za pombe za aina ambayo Waganda huiita kayinja ziliumia zaidi, kwa sababu magamba ya ua lao hudondoka na kuacha kovu wazi. Mkungu mgonjwa huiva kabla ya wakati, ndani una rangi ya kutu, na haufai kukamuliwa.

Ushauri wa awali ulikuwa kung'oa shina na machipukizi yake yote, kazi ya jasho inayomwacha mtu bila chakula wala pombe. Baadaye watafiti waliona kuwa bakteria hawafiki kwenye kila chipukizi. Siku hizi mkulima hukata shina gonjwa pekee, chini kabisa, kwa panga lililopitishwa motoni, na huvunja ua dume kwa mti wenye panda. Ni nafuu sana, ila inamtaka mwenye shamba awepo, apite tena na tena. Kashuga kwa miaka mingi imepokea waliokimbia vita, na wenyeji wake nao wamekimbia. Shambani nyuma yao mgomba unaendelea kuzaa, ua dume linaning'inia, na wadudu wanakuja.