Ufa wa Zege na Ufa wa Ardhi: Tulivyokagua Sakafu Ifakara

Nyumba ilikuwa Ifakara, upande wa mji unaoshuka kuelekea mto Lumemo: vyumba vitatu, matofali ya kuchoma, bati jipya. Mpwa wangu alikuwa tayari kutanguliza fedha. Nilimwomba jambo moja kwanza, tukunje zulia la plastiki lililotandikwa kila chumba. Mama mwenye nyumba aliturahisishia, akasogeza viti mwenyewe.

Tukakuta nyufa mbili. Mmoja ulikatiza sebule ukuta hadi ukuta. Mwingine, mfupi wa hatua moja, ulikuwa kwenye kona ya chumba cha nyuma.

"Mjomba, huu wa sebuleni ndio utatutoa hapa," alisema.

Nikamwambia asubiri. Nilichomeka kadi ya benki, ambayo unene wake ni milimita 0.76. Iliingia kwa kubanwa. Mbili kwa pamoja zikagoma. Zege likikauka husinyaa, takriban nusu milimita kwa kila mita. Sebule ile ina mita 4, kwa hiyo zege lake lilitaka kupungua kama milimita 2, nalo limeshikwa na kuta na kifusi. Halina pa kusogea, linapasuka. Fundi makini hukata sakafu ya unene wa milimita 100 kila mita 3 hivi ili ufa ufuate mkato, hapa hapakukatwa. Na zege lililomwagwa mchana wa jua la bondeni, kisha lisimwagiliwe maji walau siku 7, hupasuka zaidi. Nilipitisha ukucha juu ya ufa: kingo zote mbili sawa. Niligonga kwa nyundo pande zote: mlio mzito, kifusi hakijashuka. Ule ulikuwa ufa wa zege, na kazi yake ilishaisha.

Kwenye kona, ukucha ulikwaa. Nililaza pima maji, nikasukuma rula chini yake: upande wa ukutani ulikuwa juu kwa milimita 6. Kusinyaa hutenganisha kingo za zege. Hakuinui ukingo mmoja juu ya mwenzake. Kinachoinua ni ardhi. Nilitazama ukutani, na ufa ulikuwa unapanda kwa ngazi kati ya matofali hadi kona ya dirisha. Hapo ndipo nilipoacha kuishuku sakafu nikaanza kuushuku msingi. Kandokando ya ufa kulikuwa na unga mweupe wa chumvi, dalili kwamba unyevu unapanda kutoka chini.

Anayelima mpunga Kilombero anaijua ardhi hii. Kiangazi, mbuga hupasuka hadi mkono ukazama. Masika, udongo uleule wa mfinyanzi hunywa maji ukavimba. Ukijenga juu yake, katikati ya nyumba hukaa kukavu kwa sababu paa limekinga, ila pembezoni hulowa na kukauka kila mwaka. Tulikuwa mwezi Mei, masika yakiishia, na ukingo ndio ulioinuka. Ilikuwa inalingana kabisa.

Bado dalili si uthibitisho. Kwa idhini ya mama, tulichora mistari mitatu ya penseli kukatiza ufa, tukaandika tarehe na vipimo vya kila mstari, sakafuni na ukutani. Wapo wanaoweka saruji kwenye ufa wakadhani wametibu. Ufa unaotembea utaipasua hiyo saruji msimu ujao, na mnunuzi atakuwa amepoteza alama pekee aliyokuwa nayo.

Tulirudi Oktoba. Sebuleni, kadi moja kwa kubanwa, kama mwanzo. Kwenye kona, milimita 6 zilikuwa zimebaki 1, lakini ufa wa ukutani ulikuwa umefunguka, njiti ya kiberiti inaingia bila kusukumwa. Ukingo ulikuwa umeshuka pamoja na udongo wake.

Dawa ipo: kufukua na kushusha msingi chini ya tabaka linalovimba, kutoa udongo wa mfinyanzi na kushindilia moramu, kisha kuelekeza maji ya paa mbali na ukuta. Tulipopiga hesabu, gharama ilizidi punguzo lolote ambalo mama angeweza kutoa. Mpwa wangu hakuinunua, na tulimweleza mama sababu, tukamwachia vipimo vyote.

Nawe unayetafuta nyumba bondeni, usilipe kwa kutazama mara moja. Nenda Mei, weka alama, rudi Oktoba.