Kitambaa Chenye Maji

Garissa hakuna baridi ya kulizuia gari kuwaka. Mji uko kama mita 150 tu juu ya usawa wa bahari, kando ya Mto Tana, na ni nadra usiku joto kushuka chini ya digrii 20. Ndiyo maana Land Cruiser kuukuu ya dizeli huweza kukaa miaka na miaka hita zake zote sita za kupasha moto silinda zimeungua, dereva asijue. Siku atakapolala kwenye baridi ya Limuru mwezi wa Julai, alfajiri stata itazunguka mpaka betri ichoke, na ekzosi itoe moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi.

Moshi huo ndio kitu cha kwanza fundi wa dizeli anachokitazama. Injini hii haina plagi za cheche. Hewa hubanwa zaidi ya mara 20 ndani ya silinda mpaka ipate moto wa kuwasha dizeli. Moshi mweupe ukitoka, mafuta yanafika, joto ndilo halitoshi: pima hita moja moja kwa taa ya testa. Stata ikizunguka bila moshi wowote, usiguse hita. Mafuta hayafiki.

Garissa ugonjwa ni huo wa pili, na huja mchana. Nimekaa mara nyingi kwenye gereji za huku, chini ya mabati, nikimtazama mzee mmoja anayeuliza maswali mengi kabla ya kushika spana.

“Inakataa saa ngapi?”

“Asubuhi haina neno, adeer. Nikitoka Dadaab, nikazima ninywe chai, ndiyo basi tena. Mpaka ipoe.”

Wengine wangeshauza betri mpya hapo. Mzee anafungua boneti, anasikiliza mlio wa stata, anamtuma kijana nyuma akaangalie ekzosi. Hakuna moshi. Kisha analowesha kitambaa, anakikamua, anakilaza juu ya kichwa cha pampu ya dizeli. Hamwagi maji. Vyuma vya ndani ya pampu vimepishana kwa sehemu chache tu za elfu ya milimita, na ukivishtua kwa maji ya baridi vinaweza kukwama, ukaanza kutafuta pampu nyingine. Anageuza kitambaa, anakilowesha tena, anasubiri. Dereva anapandisha pumzi. Mzee hana haraka.

“Haya, piga.”

Inawaka.

Nakipenda kipimo hiki kuliko mashine yoyote ya kompyuta niliyoona Nairobi. Vyuma vya pampu vikilika, dizeli iliyopata moto huwa nyepesi na kupenya kando yake. Kwa mwendo mdogo wa stata, shinikizo halitoshi kufungua nozo. Ikipoa inakuwa nzito kidogo, na hicho kidogo kinatosha. Kitambaa kimesema pampu imechakaa, bila kulegeza boliti hata moja.

Hakijaiponya, lakini. Madereva wengi huondoka hapo wakiwa na chupa ya maji na tambara chini ya kiti, wakaendelea hivyo kwa miezi, na mzee hawagombezi. Kubadilisha kichwa cha pampu ni pesa. Anayekubali, pampu yake hufunguliwa, matundu yote huzibwa kwa sababu ya vumbi, hufungwa vizuri na kupandishwa basi la Nairobi, kwa watu wenye meza ya kuipimia.

Ikirudi, mzee huilinganisha na alama alizochora kabla ya kuitoa, hukaza, hutoa hewa kwa pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Gari huwaka mara moja. Dereva hutoa funguo mkono ukiwa tayari kwenye mlango, na hapo ndipo mzee humzuia: gari lililopoa lilikuwa likiwaka hata kabla ya matengenezo. Wanaenda nalo hadi Modika na kurudi, jua la saa nane, wanalizima, wanaagiza chai. Wakimaliza kunywa ndipo anapiga stata mwenyewe.