Waliupeleka Wenyewe kwa Marchetti

Kwa zaidi ya miaka 65 watu wamekuwa wakigombania mahali mwamuzi alipouweka mpira. Ugomvi wangu mimi uko nyuma kidogo ya hapo, kabla mpira wenyewe haujachezwa, pale New York Giants walipoamua kumpeleka Frank Gifford upande wa kulia. Kulia kwao ni kushoto kwa Baltimore Colts, na kushoto kwa Colts alisimama Gino Marchetti. Mstari wa ulinzi una watu wanne. Unatafuta yadi nne ili ubebe ubingwa. Halafu kati ya wanne hao unakwenda kumgongea mlango huyo.

Filamu mmeiona, kwa hiyo sitaisimulia yote. Ni Desemba 28, 1958, Yankee Stadium, fainali ya NFL. Giants wanaongoza 17 kwa 14, saa inaonyesha dakika zisizofika tatu, mpira ni wao, bado wako nusu yao ya uwanja. Dauni ya tatu. Wakipata dauni ya kwanza, Johnny Unitas atabaki pembeni akihesabu sekunde, na mechi imekwisha. Wakikosa, mpira unakwenda kwa Unitas. Hakuna mtu uwanjani asiyejua hesabu hiyo.

Sasa tuangalie walichokuwa nacho mkononi. Charlie Conerly, kwotabeki mzee mwenye kichwa kilichotulia, alikuwa amempasia Gifford tachidauni ya yadi 15 katika robo hiyo hiyo. Alex Webster alikuwapo, mkimbiaji mzito ambaye kazi yake ndiyo hizi yadi za kubanana. Mel Triplett alikuwapo, na siku hiyo alikwishafunga kutoka yadi moja. Pia kulikuwa na upande wa kushoto, ambako endi wa Colts alikuwa Don Joyce, mchezaji mzuri, lakini nani alikesha akimwota Joyce?

Najua jibu la watetezi wao. Watasema upande wa Joyce, ndani yake kidogo, alisimama Eugene Lipscomb, Big Daddy, mtu wa karibu mita 2 na kilo zinazokaribia 130. Kumkwepa yule ni akili. Watasema pia kwamba kitabu cha makocha kinaruhusu: endi anayesifika kwa kumkimbilia kwotabeki, mpelekee mkimbiaji ubavuni kwake, kwa sababu uchu wa kumfikia kwotabeki utampitiliza na kuacha nafasi nyuma ya mgongo wake. Kitabu hakikosei. Nimewaona maendi wengi wakinaswa hivyo, tena wengine wa juzijuzi wenye mikataba ya kutisha.

Ila Marchetti hakuwa endi wa kitabu hicho. Jina alilijenga kwa kuwafukuza makwotabeki, kweli, lakini kilichomfanya awafikie ndicho kilichomfanya awe mbaya zaidi kwa mkimbiaji. Wengi wa enzi zake waliingia kwa kifua na bega, wakimsukuma mzuiaji kinyumenyume mpaka mmoja wao alipochoka. Yeye alitumia mikono. Aliupiga mkono kwenye bega la mzuiaji, akamgeuza nusu, akapita upande uliobaki wazi. Mtu wa namna hiyo habebwi na kasi yake mwenyewe, kwa sababu hajautoa mwili wote. Miguu yake iko chini, macho yameinuka, na mzuiaji ameshikwa kwa umbali wa mkono. Ukimletea mkimbiaji ubavuni, anachobadilisha ni uelekeo tu.

Ndivyo ilivyokuwa. Gifford anapokea, anaelekea kulia, njia ya nje inafungwa, anakata ndani. Irudisheni filamu hapo, mtazameni Marchetti tu, mwacheni Gifford. Kuna mtu wa kumzuia, na kwa muda mfupi anaonekana amezuiwa. Kisha anajinasua, na mikono yake inamfikia Gifford pale ambapo hatua moja zaidi ingetosha. Gifford anaanguka mbele, kama mkimbiaji mzuri anavyotakiwa kuanguka. Halafu anafika Lipscomb. Yule waliyemkwepa amekatiza mstari mzima kutoka upande wa pili na kuja kumalizia, na uzito wake wote unashukia kwenye mguu wa Marchetti. Mguu unavunjika.

Nadhani hapa ndipo uamuzi ulipohukumiwa. Waliukimbia upande mmoja kwa sababu ya Lipscomb, wakampata Marchetti, na Lipscomb naye akaja. Si bahati mbaya hiyo. Big Daddy alikuwa akiukimbiza mpira pembe hadi pembe, na mtu yeyote aliyekuwa ameitazama Baltimore msimu ule alilijua hilo. Kumwepa hakukuwezekana kwa mchezo unaochukua muda kwenda pembeni. Ungempita kwa mchezo wa haraka wa katikati, au kwa pasi.

Baada ya hapo ndipo lilipotokea lile zogo mnalolijua. Marchetti anapiga kelele za maumivu, mwamuzi ana mtu aliyevunjika mguu na lundo la miili, mpira unawekwa, unapimwa, umepungua inchi chache. Gifford alisema mpaka uzee wake kwamba alizipata hizo yadi. Mwaka 2008, ilipotimu miaka 50, televisheni ilimwita mtaalamu wa uchunguzi aipime filamu, naye akaona mwamuzi hakukosea. Haikusaidia kitu. Wenye Giants yao waliendelea kulia na mwamuzi, na sitaki kuingia huko. Timu inayotegemea inchi za mwamuzi mbele ya endi bora wa zama zake imeshajipeleka pabaya yenyewe.

Wengine lawama wanamtupia kocha Jim Lee Howell kwa kupiga panti kwenye dauni ya nne. Hapo simgusi. Alikuwa na ulinzi wa Tom Landry, uliokuwa umewazuia Colts kwenye mstari wa goli robo ya tatu, na Don Chandler alipiga vizuri: Colts walianzia yadi ya 14 yao. Kwamba Unitas alimpasia Raymond Berry mara tatu mfululizo, na Steve Myhra akasawazisha kwa fildi goli zikiwa zimebaki sekunde 7, hiyo ni kazi ya Unitas na Berry, watu wawili waliokuwa wakibaki mazoezini wenzao wakishaondoka. Muda wa nyongeza, Alan Ameche akafunga kutoka yadi moja, 23 kwa 17.

Marchetti alikataa kupelekwa chumbani. Alilazwa kwenye machela pembeni mwa uwanja atazame, akatazama, mpaka muda wa nyongeza walipomwondoa wakihofia watu wangevamia uwanja.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba Giants walikuwa na mwalimu wa somo hili nyumbani kwao. Andy Robustelli, endi wao wa kulia, alikuwa wa daraja lile lile la kufikiri kwa mikono na macho. Walikuwa wakimwona mazoezini kila wiki. Na aliwafikiaje? Los Angeles Rams walimwachia mwaka 1956 kwa sababu aliomba kuchelewa kambini, mkewe alikuwa anakaribia kujifungua. Mwaka huo huo Rams hao hao wakamwacha Lipscomb, Baltimore wakamchukua kwa ada ya dola 100. Dola mia! Nimeshawasema Rams kwenye safu hii na nitawasema tena: watu wawili walioamua mistari ya fainali ya 1958 walikuwa wao, wakawatoa kwa sababu hawakujua walinzi wa mstari wana thamani gani.

Baltimore nao wasijisifu sana. Marchetti alipowafikia mwaka 1953, baada ya klabu yake ya Dallas Texans kufa ikiwa na msimu mmoja tu, walimpanga kwenye ushambuliaji, kuzuia. Weeb Ewbank alifika 1954 akamrudisha kwenye ulinzi. Uamuzi sahihi, mstari mmoja unatosha.

Mengine ya maisha ya Marchetti yanajisemea. Alipigana Ulaya akiwa kijana, katika vita vya majira ya baridi ya Ardennes, kisha akaenda Chuo Kikuu cha San Francisco, ambako timu ya 1951 ilishinda mechi zote 9 na kukataa kucheza mechi ya heshima ya mwisho wa msimu bila wenzao weusi, Ollie Matson na Burl Toler. (Toler ndiye aliyekuja kuwa mwamuzi wa kwanza mweusi wa NFL, mwaka 1965.) Marchetti alichaguliwa mara 11 kwenye mechi ya nyota. Alistaafu 1964, akarudi kwa mechi 4 mwaka 1966 akiwa na miaka 40 kwa sababu klabu iliishiwa watu. Alikuwa pia na migahawa ya hambaga, ambayo nadhani ilimlipa kuliko mpira. Ukumbi wa heshima ulimpokea 1972, na ligi ilipoteua kikosi chake cha miaka 100 mwaka 2019, miezi michache baada ya kifo chake, jina lake lilikuwamo.

Kijana wa leo akiniuliza alikuwa na seki ngapi, namwambia hakuna anayejua, kwa kuwa ligi ilianza kuzihesabu rasmi 1982. Kisha ananiletea Michael Strahan na seki zake 22.5 za msimu wa 2001, rekodi ya wakati huo, naye alikuwa Giant, bila shaka. Ya mwisho kati ya hizo mmeiona: Brett Favre anazunguka na mpira mkononi, anajilaza mwenyewe mbele ya Strahan, Strahan anamgusa, kitabu kinaandika. Strahan alikuwa mchezaji mkubwa na hakuhitaji zawadi ile. Ila msiniambie basi kwamba namba ndiyo ushahidi, na kwamba mtu asiye na namba hawezi kulinganishwa. Marchetti alicheza dauni zote, mbio na pasi, bila mtu wa kumpumzisha kila baada ya michezo mitatu, huku wazuiaji wakimshika jezi kuliko ilivyoruhusiwa. Wengi wa wanaosifiwa leo hutolewa nje ikinuka harufu ya mchezo wa kukimbia. Wangemwachia Gifford zile yadi nne akiwa ananyoosha nguo.

Mwaka uliofuata timu hizo hizo zilikutana tena fainali, Baltimore safari hii. Giants waliongoza 9 kwa 7. Ikaja dauni ya nne, zimebaki inchi, na Howell, ambaye mwaka mzima alikuwa ameitwa mwoga kwa ile panti ya Chandler, alikataa kupiga. Alimpa mpira Webster, yule yule ambaye nasema alistahili kupewa 1958, dhidi ya mstari ule ule ukiwa na Marchetti mzima. Webster alisimamishwa. Colts wakafunga pointi 24 katika robo ya mwisho, mechi ikaisha 31 kwa 16. Wanaosema Howell angethubutu mwaka 1958 hawaitaji mechi hiyo kamwe, na mimi kila mara nawakumbusha, hata kama Webster ananiharibia hoja yangu kidogo.