Haiku ya Nchi ya Chai: Jinsi ya Kuijua Iliyoiva

Anza kwa kupuuza hesabu. Sisi tuliolelewa na mshororo wa mizani 16 tunapenda kuhesabu, na Kiswahili, ambacho silabi zake nyingi huishia kwa vokali, hukubali mizani 5-7-5 za haiku bila taabu yoyote. Ndiyo sababu hesabu haithibitishi kitu. Tazama hii, niliyoitunga makusudi:

Chai Kericho
zulia la kijani
fahari yetu

Mizani imetimia, haiku haipo. Abiria wa matatu ya Kericho kwenda Litein angeiandika usingizini. Ukikutana na “zulia la kijani”, funga ukurasa. Huko Japani kwenyewe, watunzi kama Taneda Santōka, aliyefariki 1940, waliiacha hesabu hiyo zamani.

Kinachostahili kupimwa kwanza ni majira. Haiku ya jadi hubeba neno linalomwambia msomaji ni wakati gani wa mwaka, na Wajapani wana makamusi mazima ya maneno hayo. Kenya nayo ina mkusanyo wake, Kenya Saijiki, ulioanza miaka ya 2000. Lakini Kericho na Bomet mvua hunyesha karibu mwaka mzima, mara nyingi alasiri, kwa hiyo neno “mvua” pekee halimwelekezi msomaji popote. Mtunzi anayeijua nchi hii atakupa jua kali la Januari, baridi inayounguza machipukizi, au mvua ya mawe. Kericho ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mvua hiyo mara nyingi zaidi duniani.

baada ya mvua ya mawe
karani apangusa
mizani

Mambo mawili yamewekwa bega kwa bega, basi. Majani yaliyochanika hayakutajwa, wala mkulima aliyebaki nyumbani, wala deni la mbolea. Ila kila aliyewahi kusimama kwenye kituo cha kununulia chai anajua kwa nini karani ana nafasi ya kupangusa. Sasa ongeza “tupu” baada ya “mizani”. Neno moja tu, na shairi limekufa, kwa sababu mtunzi amemfanyia msomaji kazi yake. Mimi hupima karibu kila haiku hivi: nafuta neno la mwisho, kisha natazama kama kuna kilichopungua.

Kuna kosa jingine ambalo ni letu hasa. Angalia kitenzi. Kikianza kwa hu-, kaa macho: jua huchoma, subira huvuta heri, na mara umeingia kwenye methali. Haiku hutaka -na- na -me-, jambo linalotendeka sasa hivi mbele ya macho au lililokwisha punde. Washairi wetu wazuri wa tenzi hukwama hapa, kwa kuwa wamezoea kuaga kwa wasia.

Ikiwa mada ni watu na vituko vyao, Wajapani huliita shairi hilo senryu, na nadhani huko ndiko vipaji vya Bomet vitakakong’aa kwanza. Bonasi ya wakulima wadogo, ambayo kwa kawaida huingia karibu na Oktoba, ni majira kamili:

siku ya bonasi
mwenye duka ametoa
kiti nje

Hapa kicheko kimepatikana bila mtu kuambiwa acheke. Kingine cha kupenda ni kwamba daftari la madeni halionekani.

Mada ngumu kuliko zote kwa sasa ni mashine za kuchumia chai. Mei 2023 baadhi zilichomwa moto Kericho, na hasira ile ina haki yake, lakini haiku za hasira nilizozisoma zinaishia kuwa mabango ya maandamano: “wezi wa kazi”, “mikono ya mama zetu”. Nadhani atakayeiandika nzuri ni yule anayeiendesha mashine yenyewe, anayejua inavyobadili sauti ikigonga kisiki.