Foleni na Muhuri: Uhakiki wa Uchaguzi wa Vijiji Arua na Koboko

Mwaka 2018, katika muda usiozidi wiki sita, watu wa mji wa Arua walichagua viongozi kwa njia mbili tofauti. Tarehe 10 Julai walipanga foleni nje, kila mtu nyuma ya mgombea wake wa uenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, wakahesabiwa mmoja mmoja mchana kweupe. Tarehe 15 Agosti wakapewa karatasi, wakatia alama kwa siri na kuzitumbukiza katika sanduku, kumchagua mbunge wa Manispaa ya Arua baada ya Ibrahim Abiriga kuuawa kwa risasi mwezi Juni.

Uchaguzi wa pili ulivuma hadi nje ya nchi. Yasin Kawuma, dereva wa Bobi Wine, aliuawa kwa risasi mjini Arua siku mbili kabla ya kura, na Kassiano Wadri, aliyegombea bila chama, akatangazwa mshindi akiwa kizuizini. Ule wa kwanza hakuna anayeuzungumzia. Mimi ndio ninaotaka kuuhakiki, kwa sababu mbunge humwona mara chache, lakini mwenyekiti wa kijiji unapishana naye kisimani.

Ukitaka kitambulisho cha taifa, pasipoti, kumdhamini ndugu mahakamani, au kuuza kipande cha shamba, utaulizwa barua ya LC1 yenye muhuri. Muhuri huo hukaa mfukoni mwa mtu mmoja. Kwa mkaazi wa Kampala unaweza kuwa usumbufu tu. Koboko ni jambo jingine. Wilaya hii inapakana na Kongo na Sudan Kusini, na Wakakwa wanaishi katika nchi zote tatu. Katiba ya 1995 inawataja Wakakwa, Walugbara na Wanubi miongoni mwa makabila ya Uganda, lakini karani hasomi katiba unapofika mbele ya meza yake. Husoma barua. Asiye na barua ni Mkongomani hadi athibitishe vinginevyo.

Mama yangu mdogo anauza samaki wakavu karibu na Koboko. Siku ya foleni alisimama nyuma ya mwanamke aliyekuwa naye katika kikundi chao cha kuweka akiba. Foleni yao ilikuwa fupi. Miezi michache baadaye alikwenda kwa mwenyekiti mpya kuomba barua ya kijana wake. Mwenyekiti hakukasirika wala hakumtukana. Alitabasamu, akamwambia, "Mama, si uende kwa yule uliyesimama nyuma yake akuandikie?" Watu waliokuwa pale walicheka, na mama mdogo naye akacheka. Barua aliipata baada ya safari nne na shilingi ambazo hakuandikiwa risiti. Simtaji mwenyekiti huyo wala kijiji chake, maana sidhani tatizo ni yeye. Angekuwa mwingine, naye angekuwa ameona foleni ileile.

Hapo ndipo ninapoilaumu sheria. Ibara ya 68 ya Katiba inasema kura itapigwa kwa siri. Kisha ibara hiyohiyo inaliruhusu Bunge kuondoa siri hiyo katika uchaguzi wowote usiokuwa wa rais au wa wabunge. Yaani tunafichwa mbele ya watu wasiotujua kwa majina, halafu tunafunuliwa mbele ya jirani anayejua mlango wetu, deni letu na alikozaliwa babu yetu. Ningeelewa zaidi kama ingekuwa kinyume chake.

Wapo wanaosema dawa ni kuondoa vyama vijijini, turudi kwenye sifa za mtu binafsi. Ni hoja inayovutia, na nilipoanza kuandika makala haya niliikubali. Lakini neno "bila chama" lina historia yake hapa kwetu. Kuanzia 1986 hadi kura ya maoni ya Julai 2005 tulitawaliwa kwa mfumo wa Vuguvugu, ambao ulijiita usio wa vyama, huku ukiwa na uongozi, fedha na ofisi hadi kijijini. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba, katika kesi iliyofunguliwa na Rubaramira Ruranga, iliamua kwamba kuchagua LC1 na LC2 kwa utaratibu usio wa vyama kulipingana na katiba ya nchi iliyokwisha kuingia vyama vingi. Wenyeviti waliochaguliwa 2001 wakaendelea kupiga mihuri kwa miaka kumi na moja zaidi, hadi ile foleni ya 2018. Waliochaguliwa siku hiyo nao muda wao ulipokwisha 2023 waliongezewa bila kura yoyote. Kwa hiyo siamini kwamba kufuta rangi za vyama kutamfuta mama mdogo machoni pa mwenyekiti. Kinachomfichua ni mahali aliposimama, hata kama wagombea wote wangevaa nyeupe.

Elimu ya uraia tunayopewa inalikwepa jambo hili. Wanaokuja kutufundisha husema hawafungamani na chama chochote, na wengi ni wakweli. Hutuambia tusiuze kura, tujitokeze kwa wingi, tuchague kwa hekima. Sijawahi kumsikia hata mmoja akisema kwamba foleni yenyewe ni mbaya. Nadhani wanaogopa kuonekana wapinzani. Wanachanganya kutoegemea kati ya wagombea na kutoegemea kati ya utaratibu wa haki na usio wa haki. (Halafu mabango yao huwa kwa Kiingereza, pengine na Kilugbara, katika soko ambalo Mlugbara, Mkakwa na Mkongomani hupatana bei kwa Kiswahili. Lakini hilo ni lalamiko la mwanafunzi wa Kiswahili.)

Wanaotetea foleni husema ni rahisi, ni ya wazi, na asiyejua kusoma hashindwi. Uwazi huo Wakenya waliujaribu. Katika mchujo wa KANU wa 1988 wapiga kura walipanga mlolongo, na kuna mahali ambapo mwenye mlolongo mfupi alitangazwa mshindi mbele ya macho ya waliosimama katika ule mrefu. Kuona si kuhesabu, na kuhesabu si kutangaza. Tanzania nao huchagua wenyeviti wa vijiji na mitaa kwa kura ya siri, ila mgombea lazima adhaminiwe na chama. Sisi tuna mgombea huru bila siri, wao wana siri bila mgombea huru. Kila upande ungeweza kumwazima mwenzake nusu iliyobaki.

Hoja ya gharama ndiyo nzito. Vijiji vya Uganda ni zaidi ya 60,000, na kuchapisha karatasi za kila kijiji zenye majina yake si mchezo. Lakini siri haihitaji karatasi. Gambia imetumia gololi tangu miaka ya 1960, hata katika uchaguzi wa rais wa Desemba 2021. Kila mgombea ana pipa lake lenye rangi na picha. Mpiga kura anaingia faraghani peke yake, anatumbukiza gololi moja, na kengele inalia ndani ya pipa ili walio nje wajue kama ametumbukiza moja au mbili. Haandiki kitu, hasomi kitu. Kijiji cha Koboko chenye wagombea watatu kingehitaji madebe matatu, shuka la kuzungushia na mfuko wa gololi. Madebe yapo. Mama mdogo anayo mawili, huwekea samaki.