Tuione kwanza, ndipo tuhukumu

Katika mji wetu wa Bukavu watu hupenda kubishana juu ya sinema na nyimbo. Tokea Kadutu mpaka Nyawera, huyu asema sinema fulani yaharibu vijana, yule asema ni nzuri kabisa. Hatukatazi mabishano hayo. Lakini ukiwauliza, "Je, mmeiona?", wengi wanyamaza. Wamesikia tu, na wazee walisema: kusikia si kuona.

Tutwae mfano unaotuhusu wenyewe. Mwaka 2015 ilitoka sinema iitwayo kwa Kifaransa L'Homme qui répare les femmes. Walioitengeneza ni Wabelgiji wawili, Thierry Michel na mwandishi wa magazeti Colette Braeckman. Yaonyesha kazi ya Daktari Denis Mukwege katika hospitali ya Panzi, ambamo wamepokewa maelfu ya wanawake walionajisiwa kwa nguvu na watu wenye silaha.

Mwezi wa Septemba mwaka huo Serikali ya Kinshasa iliikataza. Bwana Lambert Mende, aliyekuwa msemaji wa Serikali, alidai kwamba maneno ya wanawake yaligeuzwa katika tafsiri ya Kifaransa, ili kuwachafulia askari jina. Mtengenezaji alikana. Mwezi wa Oktoba katazo likaondolewa.

Shtaka hilo si neno dogo. Kugeuza maneno ya shahidi ni kosa juu ya Amri ya Nane, na kuwasingizia askari wote kwa makosa ya wengine ni kosa vilevile. Lakini tazameni: wanawake wale walisema lugha za kwetu. Nani basi angeweza kuipima tafsiri kuliko mama wa Kadutu, wa Bagira au wa Walungu? Shtaka lenyewe liliyahitaji masikio yetu, na katazo likayaziba.

Wala si sinema peke yake iliyosema kwamba askari fulani walikosa. Mwaka 2014 mahakama ya kijeshi yenyewe iliwahukumu askari kwa matendo ya Minova. Basi anayepiga kelele, "Ni uwongo mtupu!", naye hajaitazama, hamtukani Mbelgiji tu. Amwita mwongo pia mama yule aliyekubali kusimulia mateso yake mbele ya watu wote. Huyo ameumizwa mara ya pili, na safari hii kwa ulimi.

Sisi hatusemi kwamba sinema hii haina kasoro. Uzuri wake ni kuwapa wanawake nafasi ya kusema wenyewe. Kasoro twaiona tangu jina lake: "Mwanamume anayetengeneza wanawake". Kwetu hutengenezwa baisikeli, mtu huponywa. Tena jina hilo lamweka daktari juu na wanawake chini, kama vitu vilivyovunjika. Sivyo ilivyokuwa. Mwezi wa Oktoba 2012 watu wenye silaha walimvamia daktari nyumbani kwake. Mtu wa nyumbani mwake akauawa, naye akakimbilia ng'ambo. Wanawake wa Idjwi, maskini kabisa, waliuza matunda na mazao yao ili wapate nauli ya kumrudisha. Akarudi mwezi wa Januari 2013. Hapo nani alimponya nani?

Hivyo ndivyo yafaa kubishana: kushika neno lililomo katika sinema, kulipima, na kutoa sababu. Mwaka 1957 Papa Pius XII aliandika barua nzima juu ya sinema, redio na televisheni, Miranda Prorsus, akitaka watazamaji wafundishwe kupima wanayoyaona. Siku hizi kila kijana ana sinema mfukoni mwake katika simu, na mafundisho hayo yatuhusu zaidi.

Basi, wazazi na viongozi wa parokia, tuwafundishe vijana wetu mambo matatu: kutazama mpaka mwisho kabla ya kusema, kusema yale waliyoyaona tu, na kukumbuka kwamba mle katika picha mna mtu. Sinema hii si ya watoto. Lakini mkiionyesha kwa watu wazima, wawekeni mbele akina mama wanaojua Mashi na Kiswahili, kisha waulizeni wao kwanza kama tafsiri ni ya kweli.